Jinsi ya kufukua asili ya neno la Kiingereza: tulichimbe neno "lean"

Ukifungua kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili, "lean" utaambiwa ni kuegemea. Sawa. Kisha unakutana na "lean meat", yaani nyama isiyo na mafuta, na akili inaanza kutafuta uhusiano kati ya nyama na kuegemea. Hapo ndipo hadithi za uongo kuhusu maneno huzaliwa, na zikishazaliwa huenea haraka kuliko ukweli. Mimi nafundisha Kiingereza na kutafsiri, na utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kila neno linaponitatiza. Unafaa kwa neno lolote, ila nimechagua hili kwa sababu ukoo wake ni mkubwa ajabu.

Andaa daftari na kamusi inayoonyesha asili ya maneno. Oxford English Dictionary ndiyo baba lao, na maktaba nyingi huwafungulia wanachama wake. Usipoipata, Merriam-Webster na Online Etymology Dictionary zinasomeka bure mtandaoni.

Hatua ya 1: Kusanya matumizi kwanza

Usikimbilie asili. Andika sentensi halisi, na chini ya kila kitenzi pigia mstari kihusishi kinachokifuata, maana ndicho kinachobeba nusu ya maana. "Lean against" ni kuegemea kitu kama ukuta. "Lean over" ni kuinama juu ya kitu. "Lean back" ni kujiegemeza kwa nyuma. "Lean towards" ni kuelekea upande fulani, hasa wa maoni. "Lean on" ina sura mbili: kumtegemea mtu, na pia kumbana mtu ili afanye unachotaka.

Zisome zote kwa pamoja. Utaona picha moja inapita ndani yake: kitu kimeacha kusimama wima, uzito wake umehamia upande. Hata kumbana mtu ni kumtwisha uzito wako. Sasa jaribu kuiingiza nyama isiyo na mafuta katika picha hiyo. Haiingii. Iweke kwenye ukurasa wake peke yake.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno yanayofanana sura

Tazama kitomeo (yaani neno linaloelezwa katika kamusi pamoja na maelezo yake) cha kivumishi na kitomeo cha kitenzi, kisha linganisha sehemu ya asili. Kitenzi kinarudi kwenye "hlinian" ya Kiingereza cha Kale, wakati kivumishi kinarudi kwenye "hlæne", yaani -embamba, -liokonda. Yalikuwa maneno mawili yenye sauti tofauti. Karne zikayasaga hadi yakafanana kabisa.

Kutenganisha huku kuna faida ya moja kwa moja. Mwaka 1988 mtafiti John Krafcik aliandika makala iliyoingiza msemo "lean production" katika lugha ya viwanda. Nimekwisha kuona tafsiri zinazozungumzia "uzalishaji egemezi". Huo ni upotoshaji mtupu. Msemo umetoka kwenye kivumishi: uzalishaji uliopunguzwa kila kisicho na kazi, kama mwili uliotolewa mafuta.

Hatua ya 3: Soma mstari wa asili polepole

Hapa wanafunzi wengi hukata tamaa kwa sababu ya vifupisho. Ni vichache tu. OE ni Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi kama mwaka 1100. ME ni Kiingereza cha Kati, hadi kama mwaka 1500. PIE ni lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, yaani ile iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na za kaskazini mwa India, ambayo haikuacha maandishi yoyote. Ndiyo maana maumbo yake huwekewa kinyota mbele: *klei-, "kuinamisha, kuegemea". Kinyota kinakuambia kwamba umbo hilo wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa na lugha mama hiyo. Ukiona kinyota, usiseme "neno hili lilitamkwa hivi". Sema "limekadiriwa hivi".

Rudi sasa kwenye Kiingereza cha Kale. Utakuta vitenzi viwili, "hlinian" na "hlænan". Cha kwanza ni kuegama au kujilaza, cha pili ni kuegemesha. Msemaji wa Kiswahili hapati shida hapa, kwani tofauti ya kuegema na kuegemesha anaijua tangu utotoni. Waingereza waliviacha vitenzi hivyo vikayeyukiana, na leo "lean" inafanya kazi zote mbili: mtu anaegemea, na pia anaegemesha ngazi ukutani.

Na ile "h" ya mwanzo? Ilidondoka katika Kiingereza cha Kati, na haikudondoka hapa tu. "Hlaf" ikawa "loaf", "hlud" ikawa "loud". Unapokuta badiliko, daima tafuta maneno mengine yaliyopitia badiliko hilohilo. Badiliko la neno moja pekee ni la kutiliwa shaka.

Maana ya kutegemea nayo si ya juzi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mithali 3:5 inasema "lean not unto thine own understanding", mahali ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "wala usizitegemee akili zako mwenyewe".

Hatua ya 4: Vuka mpaka kwa kanuni ya sauti

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1822 mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alieleza kwa utaratibu jinsi konsonanti za lugha za Kigermanik, yaani ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, zilivyohama kutoka lugha mama. Sehemu inayotuhusu ni hii: penye "k" ya zamani, ambayo Kilatini na Kigiriki viliihifadhi, Kiingereza kina "h". Kilatini "cornu", Kiingereza "horn". Kilatini "centum", Kiingereza "hundred". Herufi "c" ya Kilatini hapo ilitamkwa "k".

Basi mzizi *klei- katika Kiingereza ulipaswa kuanza na "hl-", na ndivyo ulivyo: "hlinian". Katika Kilatini ulipaswa kubaki na "cl-", na tunayo "clinare". Katika Kigiriki, "klinein". Kila umbo limekaa pale kanuni inapolitarajia.

Hatua ya 5: Ita ukoo

Kutoka Kilatini walikuja "incline", "decline" na "recline", wengi wao wakipitia Kifaransa, karne kadhaa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Hao ni rahisi kuwatambua. Wa Kigiriki wamejificha zaidi. Kitanda, mahali pa kujilaza, Wagiriki walikiita "kline". Tiba ya kando ya kitanda cha mgonjwa ikachukua jina hapo, na mwishowe Kiswahili kikapata kliniki. "Klima" ilikuwa mteremko, kisha ukanda wa dunia kadiri unavyoinama kuelekea ncha, na ndiyo iliyozaa "climate". "Klimax", iliyozaa "climax" (kilele), ilikuwa ngazi, kwa kuwa ngazi huegemezwa.

Na "ladder", neno la Kiingereza lenyewe la ngazi? Kiingereza cha Kale walisema "hlæder". Tazama ile "hl-". Ni mzizi uleule. "Ladder" na "climax" ni ngazi moja iliyopita njia mbili.

Hatua ya 6: Fukuza ndugu bandia

Ukifika hapa, macho yatakuvuta kwenye "climb", kupanda. Inafanana na "climax", na ngazi hupandwa. Inashawishi kweli! Ipime kwa kanuni ya hatua ya 4. "Climb" ni neno la Kigermanik tangu asili. Katika Kiingereza cha Kale ni "climban". Kama lingetoka kwenye *klei-, "k" yake ingekuwa imegeuka "h". Haikugeuka. Lifute. Ufanano wa sura na maana ni sababu ya kuchunguza, hauwi ushahidi.

Hatua ya 7: Fanya peke yako

Chukua "stoop". Kitenzi ni kuinama, kujishusha hadhi, na pia mwewe kushuka kwa kasi juu ya windo. Nomino, hasa New York, ni ngazi fupi za mbele ya mlango wa nyumba. Anza na hatua ya 2: kitenzi kifuate hadi "stupian" ya Kiingereza cha Kale, nomino ifuate kupitia Kiholanzi, ukikumbuka kwamba New York ilikuwa mikononi mwa Waholanzi hadi mwaka 1664. Kisha angalia kama "steep" na "step" ni ndugu wa nani kati ya hao wawili, na uandike kanuni au umbo la kale lililokushawishi.