Muulize kabla hajatumbukiza

Mtoto wa miaka minne au mitano mwekee beseni la maji, kijiko cha chuma, kizibo cha plastiki na jiwe dogo. Kabla hajatumbukiza chochote, muulize: "Unadhani kitazama au kitaelea? Kwa nini?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana sisi wazazi tuna haraka ya kutoa majibu.

Akisema jiwe litazama kwa sababu ni zito, mpe kipande cha mbao kizito kuliko hilo jiwe. Atakitumbukiza, atakunja uso, atakitoa na kukirudisha tena majini. Usimweleze kitu bado! Mwache abishane na wazo lake mwenyewe, halafu muulize sasa anaonaje. Na akikosea, tafadhali usimcheke. Mtoto aliyechekwa huacha kukisia.