Dizeli Iliyoganda kwenye Trekta Mombasa: Tafuta Maji, Si Baridi

Masika yakishika, trekta zinazolala nje, kuanzia Mwakirunge na Likoni mpaka Shimba Hills, huanza ugonjwa mmoja. Injini inawaka vizuri, inalima mistari miwili mitatu, halafu inapoteza nguvu, inakohoa na kuzima. Ukiiacha kidogo inawaka tena, kisha inarudia yale yale. Fundi akifungua filta anakuta ute wa kahawia au mweusi unaovutika kama bamia iliyolala. Hapo ndipo utasikia kwamba dizeli imeganda kwa baridi.

Dizeli huganda kweli, ila si kwa baridi ya hapa. Ndani yake mna nta. Joto likishuka sana nta hujitenga, mwanzo kama ukungu, baadaye chenga zinazoziba filta. Kwa dizeli ya kawaida hilo huanza karibu na kiwango ambacho maji hugeuka barafu, juu au chini kidogo kutegemea aina ya mafuta. Mombasa, hata Julai na Agosti Kusi inapovuma, usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo zile dawa za nchi za theluji, za kupasha tangi au kuongeza mafuta ya taa, hazina kazi hapa. Mafuta ya taa hata yanadhuru, kwa sababu hayalainishi pampu ya injekta, ile inayosukuma mafuta kwa nguvu kwenda kwenye injini, kama dizeli. Wala si rahisi tena kama zamani: tangu 2018 yana ushuru wa shilingi 18 kwa lita, uliowekwa makusudi kuzuia watu kuyachanganya kwenye dizeli.

Kuna hali moja tu ambapo mafuta yanaweza kuganda kweli Pwani: mtu ametia mafuta ya kupikia. Mafuta ya nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, joto la kawaida la alfajiri hapa, na mafuta yaliyobaki kwenye karai la viazi mara nyingi ni ya mawese, nayo hushika upesi. Ikiwa kuna aliyejaribu kubana matumizi kwa njia hiyo, mwaga yote, osha tangi, badilisha filta. Hakuna njia ya mkato.

Kama si hivyo, unachokiona ni maji na viumbe wanaoishi ndani yake. Tangi lililobaki nusu hujaa hewa, na hewa ya Pwani imelowa. Usiku bati la tangi likipoa, mvuke hugeuka matone na kushuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji yanapokutana na dizeli ndipo kuvu na bakteria hujenga makao: wanahitaji maji ili waishi na dizeli ili wale. Uchafu wao ndio ule ute, tena hutoa asidi inayokula tangi kwa ndani.

Hakikisha kabla hujanunua chochote. Acha trekta imezimwa usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi, kabla haijatikiswa, fungua plagi ya chini ya tangi na ukinge nusu lita ya kwanza kabisa kwenye chupa ya kioo. Iache itulie nusu saa. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na katikati utaona utando wenye vipande vyeusi vinavyoning'inia. Sasa itumbukize chupa kwenye beseni la maji ya moto, kamwe si juu ya moto. Nta au mafuta ya nazi yatayeyuka na kuwa maangavu; ute hautabadilika. Tangi lisilo na plagi, tumia mpira mwembamba unaofika chini kabisa na unyonye kwa pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo, dizeli ikiingia mapafuni ni hatari.

Angalia pia kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba, trekta itazima vile vile ingawa dizeli ni safi. Dalili yake ni kwamba ukifungua kifuniko unasikia tangi likivuta hewa kwa mlio, na injini ikiwaka sasa inaendelea.

Ukishajua ni ute, kubadilisha filta peke yake ni kutupa pesa. Filta mpya itaziba baada ya siku chache, kwa sababu shamba la kuvu liko tangini. Anzia huko. Toa dizeli yote, fungua bomba la kutokea na chujio lake, kisha osha kuta kwa lita 5 hivi za dizeli safi, brashi ndefu na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ute hushikilia pembeni na juu ya mshono wa chini, kwa hiyo sugua. Kusukasuka tu hakutoshi. Rudia mpaka dizeli itoke kama ilivyoingia. Usioshe kwa maji na sabuni, utakuwa unawalisha. Petroli nayo usiiguse, mvuke wake ndani ya tangi unangoja cheche tu. Na ile klorini ya kufulia nguo inakula chuma.

Chomoa bomba upande wa pampu ndogo ya kuvutia mafuta na ulipulize kwa kompresa kuelekea tangini, presha ndogo, filta zikiwa zimetolewa. Safisha bakuli la kioo linalokusanya maji na uchafu, kama trekta yako inalo.

Dawa ya kuua viumbe ndani ya dizeli ipo, na inafaa kama maji yameshatolewa kwanza. Kipimo ni kile cha lebo, usikisie. Kwa mfano, lebo ikisema lita 1 kwa lita 1,000 za dizeli, basi tangi la lita 60 linahitaji mililita 60, na bomba la sindano la duka la dawa litakupimia sawasawa. Vaa glavu. Jihadhari na zile chupa zinazoahidi "kumaliza maji": nyingi huyachanganya maji na dizeli ili yapite kwenye filta, na maji yakifika kwenye nozeli yenye moto, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, hugeuka mvuke ghafla na kuharibu ncha yake. Gharama ya kutengeneza nozeli na pampu ya injekta haikaribiani hata kidogo na bei ya filta.

Sasa filta. Kwenye Massey Ferguson za injini ya Perkins, filta nyingi ni zile zinazobanwa katikati na bolti moja ndefu. Badilisha mipira yote, ukianza na ule mdogo wa juu katikati ambao watu husahau ukiwa umebaki kichwani. Mipira miwili ikipandana, hewa itaingia na hutajua inatoka wapi. Paka mipira dizeli, kaza bolti kwa kiasi. Ukizidisha unapasua kichwa cha alumini.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi, kumbe ni mpangilio tu: fuata njia ya mafuta kutoka tangini kwenda kwenye nozeli, usiruke. Jaza tangi angalau nusu. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta na upige kile kijiti cha pampu ndogo kwa mkono. Kijiti kikiwa legelege, hakisukumi, usidhani pampu imekufa: kemu ya injini, ile inayoisukuma pampu hiyo, imesimama mahali pabaya. Zungusha injini kidogo na ujaribu tena. Povu likiisha na mafuta kutoka mfululizo, funga skrubu huku ukiendelea kupiga. Nenda kwenye skrubu za pampu ya injekta, ya ubavuni kwanza, halafu ya juu, kwa namna hiyo hiyo. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, raundi moja tu, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, hakikisha kizimio hakijavutwa, kisha piga starta. Mafuta yakiruka, kaza. Usishike starta zaidi ya sekunde 15 hadi 20 kwa mkupuo, na uipumzishe dakika moja au mbili, la sivyo utaunguza starta na kumaliza betri kabla hewa haijaisha.

Hayo ni ya trekta za zamani. Zile mpya zenye kompyuta na reli moja ya mafuta, usilegeze bomba la upande wa nozeli kabisa. Presha yake hupita bar 1,000, na mchirizi mwembamba huo hupenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo huku linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Kwa hizo, washa na uzime ufunguo mara kadhaa bila starta ili pampu ya umeme ijaze njia, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Wala usijaze filta mpya kwa kumiminia dizeli kutoka juu, maana hiyo haijachujwa.

Baada ya dawa, tegemea filta kuziba tena mara moja au mbili, kwa kuwa vilivyokufa huanguka na kusombwa. Weka filta mbili za akiba kwenye kisanduku cha spana, na kinga chupa ya chini ya tangi kila asubuhi kwa wiki ya kwanza.

Kisha kagua mahali unapoweka mafuta, maana mara nyingi maji hayakuanzia tangini. Pipa lililosimama nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Jioni likipoa linavuta maji hayo ndani kupitia nyuzi za kifuniko hata kama kimekazwa. Lilaze, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, mafuta yavifunike kwa ndani, chini ya paa. Usihifadhi dizeli kwenye tangi la mabati lenye zinki: zinki hukutana na asidi zilizomo na kutengeneza sabuni nzito inayoziba filta, hata pasipo kuvu. Ukichota pipani, acha mpira wako sentimita 10 juu ya sakafu yake. Trekta ijaze jioni baada ya kazi, si asubuhi, ili usiku pasiwe na hewa ya kutoa jasho.

Dizeli chafu uliyoitoa iache itulie kwenye jerikeni yenye alama, umpe anayekusanya oili chafu. Ukiimwaga mtaroni inaishia mikokoni, kama ile ya hori ya Tudor.