Jinsi ya kusoma hela za korona walizolipwa wakulima na wafugaji kwenye kaunti moja ya Marekani

Tuseme unataka kujua serikali ya Marekani ililipa kiasi gani kipindi cha korona kwa mashamba na ranchi za kaunti moja ya vijijini, mfano Cherry County, Nebraska, huko ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Majina na kiasi viko wazi mtandaoni, kazi iko kwenye kuvisoma, maana watu wakiona jina la jirani na namba kubwa pembeni basi tayari jirani kashakuwa mwizi, na inaniuma kwasababu mara nyingi hawajapiga hesabu yoyote.

Kwanza tenganisha mifuko miwili. CFAP, msaada wa korona kwa wakulima na wafugaji, ilikuwa ya wizara ya kilimo, USDA, malipo ya moja kwa moja, hurudishi. PPP, msaada wa korona kwa biashara zilipe mishahara, ilipitia benki chini ya SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, yenyewe ni mkopo ila ukitumia kwa mishahara na matumizi yaliyoruhusiwa unaomba usamehewe. Shamba moja lingeweza kupata zote mbili kihalali kabisa.

Za CFAP ingia tovuti ya FSA, hiyo ndo idara ya USDA yenye ofisi kwenye kaunti, tafuta faili za malipo za 2020 na 2021. Ni za Excel na ni kubwa kwahiyo vumilia zifunguke. Chuja kwa kaunti ya ofisi iliyolipa, sio kwa mji ulioandikwa kwenye anwani, unakuta mwenye ranchi anakaa Omaha, mji mkubwa wa Nebraska, na ng'ombe wako mbali huko. Alafu jumlisha mistari yote ya jina moja, kwasababu CFAP 1, yaani awamu ya kwanza, ilianza kulipa 80% kwanza na iliyobaki ikaja baadaye, na CFAP 2, awamu ya pili iliyoanza Septemba 2020, ilifunguliwa tena Aprili 2021 mpaka Oktoba 12.

Za PPP chukua data za SBA, angalia namba za aina ya biashara: 111 mwanzoni ni mazao, 112 ni mifugo, 112111 ni ranchi za ng'ombe wa nyama. Ukiona 20,833 inajirudia rudia usishtuke, hicho ndo kiwango cha juu cha mkopo mmoja kwa mkulima asiye na waajiriwa, yaani kikomo cha mapato ya mwaka yanayohesabiwa, 100,000, gawa kwa 12 zidisha 2.5.

Sasa hapa ndo penyewe, geuza dola ziwe vichwa vya ng'ombe. CFAP 1 ililipa dola 214 kwa kila ng'ombe aliyenenepeshwa akauzwa kwenda kuchinjwa kati ya Januari 15 na Aprili 15, 2020, lakini ng'ombe aliyekuwa bado zizini au malishoni, kuanzia Aprili 16 mpaka Mei 14, alilipiwa 33 tu. Mfugaji wa ndama kawaida anauza msimu wa vuli, kwahiyo mwezi wa nne yeye alikuwa na majike na ndama wachanga, akaangukia kwenye 33. CFAP 2 ikaleta 55 kwa kichwa ila majike na madume ya kuzalishia hayakuhesabiwa, so mwenye majike 100 hapati 5,500 kama watu wanavyodhani, analipwa kwa ndama na wengine wasio wa mbegu. Nadhani hii ilimbana sana mfugaji mdogo na ndo ingepaswa kupigiwa kelele.

Ukikuta 250,000 kamili, huyo amegonga kikomo cha mtu mmoja kwa awamu moja. Kampuni ingeweza kufika 750,000 kama ina wanahisa watatu na kila mmoja ameweka masaa 400 ya kazi au usimamizi, kwahiyo kabla hujasema kapendelewa tafuta kwanza wako wangapi humo ndani.

Na ukiona CFAP 1 ya ng'ombe imeongezeka tena 2021 bila ombi jipya, ni nyongeza ya bunge, ililipwa yenyewe kwa waliokuwa wameshaomba, mfano 63 zaidi kwa ng'ombe aliyenenepeshwa ila alikuwa bado hajauzwa, yule wa 33.