Kuchagua kenopi ya pikapu kwa bei nafuu: somo kwa wanaouliza kila wiki

Kila wiki kuna mwanachama anayeuliza ni kenopi gani, yaani kifuniko cha bodi ya nyuma ya kubebea mizigo, itafaa pikapu yake bila kumfilisi, na kila wiki ninajibu yale yale. Leo nimeyaandika yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nina Hilux ya kebini mbili ninayosafirishia madaftari kutoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu na Kyela, na kenopi iliyopo juu yake sasa ni ya tatu.

Hatua ya kwanza. Amua utabeba nini kabla hujaenda kuangalia kenopi yoyote.

Hatua ya pili. Chagua aina. Turubai juu ya fremu ya bomba ndilo rahisi kuliko yote na linatosha kwa viazi na mbao, lakini mwizi mwenye wembe hulifungua kwa dakika moja. Kenopi ya bati inayochomelewa na fundi wa mtaani ni imara na hufungwa kwa kufuli, ila ni nzito: ya kwangu ya kwanza ilihitaji vijana wanne kuinyanyua, na kilo hizo zote hupunguza mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Faiba ni nyepesi na haipati kutu, na iliyotumika huweza kupatikana kwa bei ya kuvumilika.

Hatua ya tatu. Pima. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisome taratibu. Nilipopata kenopi ya faiba iliyotumika, nilipima sakafu ya bodi kutoka nyuma ya kebini hadi kwenye mlango wa nyuma, nikaona urefu unalingana, nikalipa. Kenopi haikai sakafuni. Inakaa juu ya ukingo wa bodi, na ukingo huo una upana wake, mzunguko wake kwenye kona na umbali wake kutoka kwenye kebini. Ile kenopi ilikuwa ya Hilux ya umbo la zamani, na gari langu ni la umbo lililoanza 2015. Muuzaji akaniambia kwamba itakatwa kidogo tu mbele, nami nikakubali. Mdomo ule uliokatwa ndio uliokuwa unaipa faiba nguvu, na tulipofika Kiwira ufa ulikuwa umeshatembea kutoka kona ya kushoto hadi kwenye dirisha. Mvua ya Rungwe ikamaliza kazi: katoni kumi na mbili za madaftari zililowa zikawa uji. Kwa hiyo pima urefu juu ya ukingo, pima upana mbele na nyuma kwa kuwa hauwi sawa daima, na uandike mwaka wa gari lako. Usikubali faiba ikatwe. Usidanganywe kwamba nafasi ya vidole viwili itazibwa kwa silikoni, kwa maana bodi na kebini hucheza kila moja kivyake gari likipita kwenye mashimo, na silikoni hubanduka.

Hatua ya nne. Ikiwa imetumika, ingia ndani mchana, funga milango, na utazame kama mwanga unapenya.

Hatua ya tano. Funga kwa vibanio badala ya kutoboa bodi, na uvikaze tena baada ya safari ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mafinga: Bei yake ni shilingi ngapi?

Jibu: Ya gari gani, ya aina gani, mpya au iliyotumika? Tafadhali soma hatua ya kwanza na ya pili, kisha uulize swali linalojibika.

Mwanachama wa Tunduma: Nina kebini moja. Nimepata ya kebini mbili kwa bei ya kutupa, je, itaingia?

Jibu: Haitaingia. Bodi ya kebini mbili ina takriban mita 1.5, na yako inapita mita 2. Hatua ya tatu imeandikwa kwa ajili yako.

Mwanachama wa Chunya: Shikamoo, mwalimu. Yangu haivuji maji hata kidogo, lakini nikipita barabara ya vumbi mizigo yote inageuka rangi. Nimeziba madirisha yote. Vumbi linaingilia wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, hili ni swali zuri. Gari likikimbia, hewa iliyo nyuma yake hupungua nguvu, na vumbi linalozunguka hapo hufyonzwa kupitia nyufa za mlango wa nyuma wa bodi, hasa chini kwenye bawaba na kwenye kona mbili. Bandika mpira wa milango ya magari kuzunguka mlango huo wote. Ukimaliza, fungua kidogo tundu la hewa la mbele au la juu ya paa, ili hewa safi iingie na kusukuma vumbi nje. Dirisha la nyuma lisifunguliwe ukiwa safarini, kwa kuwa litavuta vumbi pamoja na moshi wa ekzosi.

Mwanachama wa Njombe: Huwa ninalala ndani ya kenopi mnadani, na baridi ya Juni ni kali. Nikiweka jiko dogo la mkaa lililokwisha kuwaka vizuri, kuna tatizo?

Jibu: Kuna kifo. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kujitetea. Weka godoro chini yako na mablanketi mawili, jiko libaki nje.

Mwanachama wa Uyole: Naongeza jambo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji amwage maji kwa mpira juu ya kenopi wewe ukiwa ndani na tochi. Mimi niligundua hivyo kwamba bawaba za dirisha zilikuwa zinavuja.

Jibu: Ahsante sana, hiyo inashinda hatua yangu ya nne.

Mwanachama wa Uyole: Na ile iliyokatwa uliiuza?

Jibu: Ningemuuzia nani kwa dhamira safi? Ipo nyuma ya nyumba, ni banda la kuku, na hata kuku wenyewe hawalali kwenye kona ya kushoto.