Jinsi ya kuanza kutafuta historia ya makaburi ya zamani mjini kwenu

Usianze na mawe, anza na wazee. Watu wengi wanakimbilia kupiga picha kwanza, halafu wakirudi kumuuliza mzee wanakuta keshafariki, inauma sana. Nenda nae mpaka pale pale makaburini kama miguu inamruhusu. Usimuulize "historia ya hapa ikoje", atakosa pa kuanzia, muulize nani alikuwa anafagia hapa zamani, ukoo gani walikuwa wanakuja kusoma dua, na njia ya kupitisha jeneza ilikuwa wapi.

Pili jua ni makaburi ya nani, maana hapo ndo utajua pa kutafuta. Chukua Bagamoyo: Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, kuna makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo ndefu, na kaburi la Sharifa mpaka leo watu wanaenda kuomba dua. Mjini karibu na bahari kuna ya Wajerumani, wapo waliokufa wakati wa vita vya Abushiri, yaani watu wa pwani walipopigana na Wajerumani. Halafu kuna ya mapadri kwenye misheni iliyoanzishwa 1868. Mji mmoja, ila hapo utahitaji mwalimu wa madrasa wa kukusomea Kiarabu, mtu anayejua Kijerumani, na ruhusa ya paroko kuona vitabu vya kanisa.

Sasa maandishi, na hapa naomba mnisikilize vizuri jamani. USISUGUE. Hakuna brashi ya waya, hakuna sabuni, hakuna chaki, ile chokaa ni laini na nimeshaona jiwe likisuguliwa kwa nia njema kabisa mpaka jina likaisha. Nenda saa 12 na nusu asubuhi jua likiwa chini, au jioni, mwanga unapita kwa ubavu na herufi ambazo mchana huzioni kabisa zinatoka zenyewe, kama kuna kivuli tumia tochi ya simu ukiilaza pembeni ya jiwe.

Ukikuta mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622, unapata mwaka wa kalenda ya kawaida. Kule Gede, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, kuna kaburi lina mwaka 802, ukipiga hesabu unapata karibu 1400, na kweli 802 ilianza Septemba 1399, kwahiyo hesabu hii inakupa makadirio tu, inaweza kupishana mwaka mmoja.

Ukiona tundu la duara kwenye nguzo au ukuta wa kaburi usipite tu, mara nyingi palikuwa na bakuli la kaure la kutoka China. Pima upana wake, andika.

Na yale yasiyo na jina hata herufi moja, ambayo ndo mengi, nayo yape namba, chora ramani yalivyokaa, pima urefu, andika yale ya watoto, halafu peleka nakala moja msikitini au kanisani na nyingine serikali ya mtaa kabla hakijajengwa kitu juu yake.