Pima mzigo wa bawa la tabaini ya upepo kwenye kompyuta kabla hujashika randa

Mfano wetu ni rota ya mabawa matatu, kipenyo mita 3, ya kuchajia betri shambani Likoni. Programu ni QBlade, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Ndani yake imo XFOIL, programu ya kukokotoa jinsi hewa inavyopita kwenye umbo la bawa. Kuigawa hewa yote katika mamilioni ya visanduku si lazima hapa. Hesabu ya kukatakata bawa vipande 20 hadi 30 inatosha, na inakwisha kwa sekunde.

Anza na hewa. Uzito unaotumika vitabuni ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, wa joto la nyuzi 15. Pwani yetu kwa nyuzi 30 weka 1.16, ukisahau, wati zinazidi kwa asilimia 5 hivi. Kipimo cha upepo cha mita 10 nacho si cha mnara wa mita 18: mita 5 kwa sekunde chini, kwa kipeo cha 0.14 (kinachoonyesha upepo unavyoongezeka kadiri unavyopanda juu), ni 5.4 juu, na nishati inapanda kwa robo nzima. Kusi na kaskazi zipigie hesabu mbalimbali, maana wastani wa mwaka unayaficha maleleji, kipindi cha upepo mdogo kati ya misimu hiyo.

Sasa umbo. Umbo la bawa liitwalo SG6043 lilibuniwa kwa tabaini ndogo. Upepo ukiwa mita 6 kwa sekunde na ncha ya bawa ikienda mara sita ya hapo, rota inazunguka mara 229 kwa dakika. Kwenye robo tatu ya urefu, upana wa bawa ukiwa sentimita 10, namba ya Reynolds, inayolinganisha kasi na ukubwa wa bawa na unato wa hewa, ni kama 170,000. Tengeneza jedwali la nguvu za kuinua na za kukinza kwa kila pembe, la namba hiyo, la 100,000 na la 300,000. Jedwali la milioni moja, la mabawa makubwa, litakudanganya.

XFOIL hugoma hewa inapobanduka mgongoni mwa bawa. Anzia pembe ya nyuzi 0, panda kwa robo nyuzi, gawa mzingo wa umbo katika paneli 200. Ikigoma bado, usiunganishe nukta kwa mkono. Iache, kisha ongeza pembe zilizobaki kwa njia ya Viterna, kanuni ya kukadiria pembe kubwa.

Rudia yote na bawa chafu. Chumvi na vumbi hukwaruza ukingo wa mbele, kwa hiyo lazimisha msukosuko uanze asilimia 5 ya upana juu na asilimia 10 chini. Kigezo cha Ncrit, kinachoonyesha utulivu wa hewa, kimewekwa 9, cha hewa tulivu ya maabara. Nje weka 5.

Washa sahihisho la Prandtl, la nguvu inayopotea kwenye ncha ya bawa. Ukiona ufanisi, yaani sehemu ya nishati ya upepo inayonaswa, umepita 0.593, kikomo cha Betz, kuna kosa. Mfano huu ukipata 0.40, unatoa wati 350 hivi kwenye upepo wa mita 6 kwa sekunde.

Mzigo usome kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde, kasi ya ncha ikiwa ileile mara sita ya upepo. Msukumo ni karibu niutoni 525, yaani 175 kwa bawa. Ukikusanyika theluthi mbili ya urefu, shina linapinda kwa niutoni-mita 175. Bawa la kilo 1.2, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 kutoka katikati ya rota, linavutwa nje kwa niutoni 1,520. Betri ikikatika, rota inakosa breki: mizunguko ikiwa maradufu, mvuto huo unakuwa mara nne, zaidi ya niutoni 6,000. Boliti za shina zipimie hapo.