Uliza "kwa nini si 1?", usiulize "mbona si 9?"

Kwa mnaoshauri wanywaji wa gongo huku mialoni Mwanza: mteja akisema anataka kuacha, muulize, "Kaka, kuanzia 0 hadi 10, kuacha kuna umuhimu gani kwako?" Akijibu 4, uliza, "Kwa nini 4, si 1?" Halafu nyamaza (hapo ndipo wengi wetu tunashindwa). Atataja sababu zake mwenyewe: ada ya mtoto, mikono inayotetemeka akishona nyavu, mke aliyerudi kwao Ukerewe. Ukiuliza "mbona si 9?" ataanza kuitetea chupa: baridi ya ziwani usiku, wenzake wa mtumbwini, siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi na yeye hana la kufanya. Mtu hushawishika zaidi na anayoyasema mwenyewe kuliko anayohubiriwa. Ndicho kiini cha usaili wa kuhamasisha, mbinu ambayo mwanasaikolojia William R. Miller aliieleza mwaka 1983 kwa ajili ya watu wenye tatizo la pombe. Mrudishie neno lake, "Kwa hiyo ada inakunyima raha," kisha, "Na nini kingine?"

Haifanyi kazi akiwa amelewa. Akijibu 0, muulize nini kingemfikisha hata 2. Aliyekwisha kuamua usimrudishe kwenye namba, pangeni siku. Na anayetetemeka na kutoka jasho asipokunywa apelekwe hospitali kwanza, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.